Mfupa Umeunga, Mbona Mkono Haunyooki?

Siku ya kutolewa plasta huwa ya furaha. Mgonjwa aliyevumilia joto na mwasho kwa wiki sita huketi kwenye benchi la hospitali akisubiri ile mashine yenye kelele ikate plasta, na moyoni anaamini kwamba kufikia Jumatatu atakuwa amerudi kazini. Kisha plasta inaondolewa, anauona mkono uliokonda, anajaribu kuunyoosha, nao unakataa. Daktari anainua picha ya eksirei kwenye mwanga na kumhakikishia kwamba mfupa umeunga barabara. Mgonjwa haelewi. Ikiwa mfupa umepona, mbona kijiko hakifiki mdomoni?

Akirudi nyumbani hukuta majibu ni mengi. Jirani atasema baridi imeingia kwenye mifupa. Shemeji atasema daktari hakuunga vizuri, na kwamba kuna mzee fulani kule mashambani anayeijua kazi hiyo. Wengine watanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba mara nyingi mfupa hauna neno. Kilichomfunga mgonjwa ni nyama na tando zilizo kando ya mfupa, ambazo zilipokuwa zikipona zilinatana zenyewe kwa zenyewe. Fundi wa cherehani, seremala, mpishi au dereva anaweza kupoteza riziki yake kwa sababu ya gundi hiyo ilhali mfupa uliovunjika umekwisha kupona. La kusikitisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hii ingeweza kuzuiwa katika wiki tatu za kwanza, bila dawa yoyote ya bei ghali.

Yaliyomo ndani ya kiungo

Ili kufahamu jambo hili, tuache mifupa kwa muda tutazame kinachoizunguka. Mahali mifupa miwili inapokutana pamefunikwa na mfuko ulio mgumu kiasi, mfano wa soksi. Upande wa ndani, mfuko huu umetandikwa utando laini unaotoa ute mzito kama ute wa yai. Ute huo ndio mafuta ya kulainisha kiungo, na pia ndio chakula cha gegedu linalofunika ncha za mifupa, kwa maana gegedu halina mishipa ya damu. Kila unapokunja na kukunjua, gegedu hukamuliwa na kufyonza ute tena, kama sponji.

Mfuko wa kiungo haukukusudiwa kubana. Chini ya bega, upande wa kwapani, umeachwa na mkunjo, jinsi fundi anavyoacha marinda kwenye sketi ili mvaaji aweze kupiga hatua. Goti nalo lina nafasi kama hiyo juu ya pia yake. Marinda haya yakishikana, mkono hauinuki na goti halikunjiki, hata kama mifupa ni mizima kama siku uliyozaliwa.

Nje ya mfuko kuna kano, zile kamba nyeupe zinazotoka kwenye misuli na kuvuta mifupa. Unapokunja kidole, kano ya kiganjani huteleza sentimita kadhaa ndani ya ala yake kama kebo ya breki ya baiskeli. Juu ya kano kuna misuli, kisha mafuta, kisha ngozi, na kati ya kila tabaka na jirani yake kuna unyevu unaoziwezesha kuteleza. Shika ngozi iliyo nyuma ya kiganja chako uisogeze huku na huku, utaona jinsi inavyotembea bila kushikwa na kilicho chini yake. Huko ndani kabisa, hali ni hiyo hiyo.

Jinsi gundi inavyotengenezwa

Mtu anapovunjika au kukatwa, damu na majimaji humwagika katikati ya tabaka hizi. Ndani ya damu hiyo mna protini inayogeuka nyuzi za kunata ziitwazo fibrini. Hizi ndizo huziba jeraha, na bila hizo tungekufa kwa mkwaruzo wa mwiba. Katika siku chache, seli za ujenzi huingia ndani ya nyuzi hizo na kuanza kutoa kolajeni, uzi ule ule imara unaopatikana katika ngozi, kano na mifupa. Kufikia wiki ya tatu kuna kovu changa. Kufikia wiki ya sita kovu hilo limeanza kukaza na kufupika, nalo litaendelea kujibadilisha kwa mwaka mmoja au zaidi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Kovu halijui kwamba lilitakiwa kuunga hiki na kile tu. Huunga kila kilicho karibu: kano na ala yake, ala na mfupa, msuli na mfupa, mkunjo wa mfuko na mkunjo mwenziwe. Kinacholiongoza ni mwendo. Tabaka zikiwa zinasogea, hata kidogo, nyuzi za kolajeni hujipanga kwa kufuata mvuto na kubaki ndefu na legevu. Tabaka zikiwa zimetulia kabisa, nyuzi hukatizana ovyo kama wavu uliotupwa chini, na kila zinapokatizana hufungwa fundo.

Kwa hivyo ukiulizwa nini husababisha nyama kunatana, jibu la kwanza ni mambo mawili yakikutana: damu iliyomwagika au uvimbe, pamoja na utulivu wa muda mrefu. Kila kimoja peke yake kina madhara, lakini vikiungana ndipo mtu hufungwa.

Chukua mfano wa mama aliyeteleza kwenye ngazi zilizoloa akavunjika kifundo cha mkono. Hospitalini anawekewa plasta kutoka chini ya kiwiko hadi kiganjani, vidole vikiachwa huru. Vimeachwa huru makusudi, ila yeye hajaambiwa hivyo. Anafika nyumbani, anautundika mkono kwenye leso shingoni, anaulinda kama yai. Vidole havisogezi, bega haliinui. Watoto wanamfulia, wanampikia, wanamfunga vifungo vya blauzi, na kila mmoja anamsihi asitumie mkono. Baada ya wiki sita kifundo kilichovunjika hakina shida kubwa. Vidole, ambavyo havikuumia, havifungi ngumi. Na bega, ambalo halikuguswa na ajali, halifiki nywele. Wataalamu wa mazoezi ya viungo huwaona wagonjwa kama huyu kila siku, na kwa maoni yangu nusu ya lawama ni yetu sisi jamaa wenye huruma nyingi.

Uvimbe nao usidharauliwe. Majimaji yale yanayofanya vidole vionekane kama soseji si maji matupu. Yana protini ya fibrini ndani yake. Yakikaa, hugeuka gundi. Ndiyo sababu muuguzi hukuambia uuweke mkono juu ya kiwango cha moyo katika siku za kwanza. Leso iliyofungwa vibaya, ikauacha mkono ukining'inia chini ya kiwiko, huongeza uvimbe badala ya kuupunguza.

Namna ya kufunga pia ina maana. Vile viungo ambapo vidole vinakutana na kiganja vina kano za pembeni ambazo hulegea kidole kikiwa kimenyooka na hukaza kikiwa kimekunjwa. Ukivifunga vidole vikiwa vimenyooka kabisa kwa wiki kadhaa, kano hizo zilizolegea hufupika, na baadaye hazikubali kurefuka. Kwa hivyo mtaalamu wa mikono hufunga kifundo kikiwa kimeinuka kidogo nyuma, vidole vikiwa vimekunjwa pale vinapoungana na kiganja karibu pembe mraba, na viungo vya mbele vikiwa vimenyooka. Mkono ukifungwa hivyo huonekana wa ajabu, kama mdomo wa bata, lakini ndiyo salama yake. Kuvibandika vidole juu ya kibao kilichonyooka, kama inavyofanywa katika vituo vingine vya huduma ya kwanza, kufae kwa safari ya kwenda hospitali tu.

Kiwiko na goti

Kati ya viungo vyote, kiwiko ndicho chepesi kukasirika. Ndani ya mfuko wake mmoja mna mifupa mitatu inayokutana, na mbele yake msuli umelala moja kwa moja juu ya mfuko bila nafasi ya kutosha. Damu ikimwagika hapo, msuli na mfuko hunata mara moja. Ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kukifunga kiwiko cha mtu mzima kwa zaidi ya wiki tatu, hata ikibidi mfupa utiwe chuma ili mazoezi yaanze mapema. Watoto wana bahati yao. Viwiko vyao hukakamaa lakini huachilia kwa kucheza tu, bila kulazimishwa.

Goti hufungwa kwa njia nyingine. Mwendeshaji wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa paja hana jeraha gotini hata kidogo. Lakini misuli mikubwa ya mbele ya paja imelala juu ya mfupa uliovunjika, na mfupa unapotengeneza uvimbe wake wa kuunga, misuli hunaswa humo. Akilazwa na mguu ukavutwa kwa mawe ya uzani kwa wiki nyingi, kama ilivyo desturi mahali ambapo upasuaji unachelewa, huamka na mguu ulionyooka kama mchi. Kutembea tambarare kunahitaji goti lijikunje karibu digrii 65, kupanda ngazi karibu digrii 90, na kuchutama chooni zaidi ya digrii 110. Mtu anayeishi orofa ya nne, au anayetumia choo cha shimo, anazijua hesabu hizi kwa mwili wake bila kufundishwa. Chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa kina faida hii kubwa, kwamba mgonjwa huanza kukunja goti baada ya siku chache tu.

Mabishano ya mapumziko

Huenda msomaji akajiuliza mbona basi tumelelewa tukiamini kwamba kiungo kilichoumia kitulizwe kabisa. Imani hiyo ina asili yake. Mhubiri wake mkuu alikuwa Hugh Owen Thomas, daktari aliyefanya kazi Liverpool, Uingereza, na kufariki mwaka wa 1891. Alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa jadi wa Wales. Yeye alifundisha kwamba kiungo kipumzishwe kikamilifu, bila kukatizwa, na kwa muda mrefu. Kile chuma cha kushikilia mguu kinachojulikana kwa jina lake kiliokoa maisha ya askari wengi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Lakini tukumbuke alikuwa akitibu nini. Wagonjwa wake wengi walikuwa na kifua kikuu cha viungo, katika enzi ambapo dawa haikuwapo; dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, streptomaisini, iligunduliwa mwaka wa 1943. Kiungo chenye ugonjwa unaokila, kutulia kulikuwa ndiyo tiba pekee.

Wakati huo huo huko Paris, Just Lucas-Championnière alikuwa akipinga, akiwataka wagonjwa wake waliovunjika waanze kusogeza viungo mapema. Hakusikilizwa sana. Ilichukua muda hadi mwaka wa 1970, ambapo Robert Salter wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, alianza kuwajaribia sungura. Viungo vya sungura vilivyosogezwa polepole bila kukoma vilipona gegedu zuri kuliko vile vilivyofungwa. Kutokana na kazi yake zikatengenezwa mashine za kukunja goti la mgonjwa akiwa amelala. Hata hivyo, tafiti zilizofuata kuhusu waliobadilishiwa magoti zimeonyesha kwamba mashine hizo huongeza faida ndogo sana ikiwa mgonjwa anafanya mazoezi yake vyema. Kwa hivyo asihuzunike ambaye hospitali yake haina mashine hiyo.

Kano za vidole

Pahali ambapo tatizo hili huonekana waziwazi kabisa ni katika mkono uliokatwa. Glasi iliyovunjika ndani ya karai la kuoshea vyombo, panga, mabati ya jua kali: yote haya hukata kano za vidole. Sehemu kati ya mkunjo wa kiganja ulio karibu na vidole na katikati ya kidole ina kano mbili zinazopita ndani ya ala moja nyembamba. Daktari Mmarekani Sterling Bunnell aliifananisha na ile ardhi isiyo na mwenyewe iliyo kati ya majeshi mawili yanayopigana, akishauri kano zilizokatwa hapo zisishonwe papo hapo, kwa kuwa zilinata zote pamoja na kuwa kitu kimoja.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1967, wakati Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walipoeleza matokeo mazuri kwa kushona kano papo hapo na kisha kuunganisha ukucha wa kidole na mpira wa kuvutika. Mgonjwa alinyoosha kidole mwenyewe, na mpira ukakirudisha, hivyo kano ikateleza bila kuvutwa kwa nguvu. Siku hizi kuna taratibu nyingi, lakini zote zina wazo hilo: kano isogee tangu siku za kwanza, bila kukatika. Mgonjwa akijifanya shujaa akanyanyua ndoo, uzi hukatika. Akiogopa asisogeze kabisa, hunata. Njia iliyo katikati ni nyembamba na haifai kutembewa bila mwelekezi.

Kukandwa kwa nguvu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawatapenda kulisoma. Mtu akiona kiwiko kimekakamaa, hupelekwa kwa mkandaji, ambaye hukipaka mafuta, hukivuta na kukilazimisha hadi mgonjwa alie. Nia ni njema. Lakini kila nyuzi zinapopasuliwa kwa nguvu, damu humwagika tena, na kazi ya gundi huanza upya. Mara nyingine hutokea jambo baya zaidi: msuli ulio mbele ya kiwiko huanza kutengeneza mfupa ndani yake. Baada ya wiki tatu au nne eksirei huonyesha wingu jeupe mahali ambapo hapakutakiwa mfupa. Jambo hili huweza kutokea hata bila mkandaji, hasa kwa watu walioumia kichwa na kulala bila fahamu au walioungua vibaya, lakini kulazimisha kiwiko kilichoumia karibuni ni kulialika.

Sisemi kwamba waunga mifupa wa jadi hawana ujuzi. Wako wanaotuliza mguu uliovunjika vyema, na watu huwaendea kwa sababu wako karibu na bei yao inaeleweka. Hatari iko katika nguvu, na katika vijiti vinavyofungwa kwa kukaza. Mwaka wa 1881, daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza jinsi bendeji iliyobana inavyokata damu kwenye misuli ya mkono. Msuli unaokosa damu kwa muda wa saa sita hivi huanza kufa, na mahali pake hukaa kovu linalofupika na kuvipinda vidole kama makucha. Hakuna mazoezi yanayorudisha msuli uliokufa. Plasta ya hospitali nayo ina hatari hiyo hiyo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikawa baridi, vikapauka, vikafa ganzi, au ikauma sana kuvinyoosha, mgonjwa arudi hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, na plasta ikatwe hadi kwenye ngozi. Asingoje kliniki ya Jumanne.

Bega linaloganda bila ajali

Si kila aliyefungwa aliumia. Kuna watu, wengi wao wenye umri wa miaka 40 hadi 60 na zaidi wanawake, ambao bega huanza kuuma polepole bila sababu. Usiku maumivu humwamsha mtu akilalia upande huo. Baada ya miezi kadhaa maumivu hupungua, lakini bega limeganda: hawezi kuchana nywele, hawezi kufikia mfuko wa nyuma wa suruali, hawezi kushika chuma cha juu ndani ya matatu. Mfaransa Duplay aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1872, na Codman wa Boston akaupa jina la bega lililoganda mwaka wa 1934. Mwaka wa 1945 Neviaser aliuita kwa jina linalomaanisha mfuko ulionata. Walioingiza kamera ndani ya bega baadaye wamekuta kwamba kunata si kwingi kama jina linavyodai; mfuko wenyewe ndio unaonenepa na kusinyaa. Bega zima hupokea mililita 15 za maji au zaidi. Hili hupokea chini ya 10.

Kwa nini usinyae, hakuna jibu moja, lakini mshtakiwa mmoja anajulikana sana: kisukari. Kati ya watu 100 wa kawaida, 2 hadi 5 hupata bega la namna hii. Kati ya wagonjwa 100 wa kisukari, hufika 10 hadi 20. Sukari iliyozidi katika damu hujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifunga pamoja, kiasi kwamba nyuzi ambazo zingeteleza hukaa ngumu. Jambo hilo huonekana pia mikononi. Weka viganja vyako pamoja kama mtu anayesali. Ikiwa una kisukari na vidole vyako vinaacha nafasi katikati, havigusani, mwambie daktari wako. Na mtu ambaye bega lake limeganda bila ajali, hasa kama hajawahi kupimwa, apimwe sukari. Wapo waliogundua kisukari chao kwa njia hii. Ugonjwa wa tezi la shingo pia huandamana na tatizo hili.

Msomaji anaweza kulitenganisha bega hili na lile lililokatika kano. Kano ikikatika, mwenye bega hawezi kuinua mkono, ila mtu mwingine akimwinulia unainuka. Bega lililoganda haliinuki kwa mwenyewe wala kwa mwingine.

Sindano, usaha na kifua kikuu

Wazazi wengi bado hawaamini kwamba mtoto ametibiwa ikiwa hakudungwa sindano. Dawa kali ikidungwa msulini mara kwa mara huua nyama iliyo karibu, na kovu hushika mahali pake. Nchini Japani, katika miaka ya 1970, iligunduliwa kwamba maelfu ya watoto walikuwa wamekakamaa misuli ya mapaja kutokana na sindano. Karibu nasi, katika wilaya ya Kumi mashariki mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulieleza juu ya watoto wengi waliopata makovu ya misuli ya matako baada ya sindano, zikiwemo za kwinini. Mtoto wa namna hii hawezi kuchutama magoti yakiwa pamoja. Huyatanua, na hutembea akiyumba. Chanjo zisihusishwe na jambo hili, kwa maana kipimo chake ni kidogo na hazirudiwi siku baada ya siku. Neno hili ni la zile sindano ambazo vidonge vingetosha.

Viini navyo hunata viungo, tena kwa haraka. Kiungo kikivimba, kikawa moto, na mtoto akakataa kabisa kukisogeza huku ana homa, huenda mna usaha ndani. Usaha huharibu gegedu kwa siku chache, na mifupa miwili inaweza kuungana ikawa mmoja. Hapo hakuna cha kukanda wala kungoja. Ni hospitali siku hiyo. Kifua kikuu cha kiungo huenda polepole, kwa miezi, mara nyingi gotini au nyongani, nacho hupona kwa dawa ikiwa kitajulikana mapema. Kwa wale wenye ugonjwa wa damu isiyoganda, kila damu inayovuja ndani ya goti huacha gundi yake.

Kufungua kilichofungwa

Kovu likiwa changa, katika miezi mitatu ya kwanza, hukubali kushawishiwa. Siri ni kuvuta polepole na kushikilia, si kushtua. Maji ya uvuguvugu kabla ya mazoezi husaidia. Mgonjwa mwenyewe akifanya mara nne au tano kwa siku, dakika chache kila mara, hupata faida kuliko kukandwa mara moja kwa wiki. Maumivu yanayoisha muda mfupi baada ya zoezi yanavumilika. Yakiendelea hadi kesho yake, au kiungo kikivimba, ujue umepita mpaka, upunguze.

Bega lililoganda mara nyingi huachilia lenyewe katika mwaka mmoja hadi mitatu, ingawa wengine hubaki na upungufu kidogo. Sindano ya dawa jamii ya kotisoni ndani ya bega hupunguza maumivu ya mwanzoni. Mwenye kisukari akipewa, apime sukari yake kwa siku kadhaa, maana hupanda. Mazoezi yakishindwa kwa miezi, daktari anaweza kumlaza mgonjwa usingizi na kukikunja kiungo, au kuzikata nyuzi kwa upasuaji. Kumkunja mtu aliye usingizini kuna hatari ya kuvunja mfupa uliodhoofika, kwa hivyo si kazi ya kuharakisha, na upasuaji wowote usiofuatwa na mazoezi kuanzia siku ya pili ni fedha zilizotupwa, kwani kisu nacho humwaga damu.

Hospitali kubwa za kaunti zina wataalamu wa fiziotherapia, wengi wao waliofunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba (KMTC), na sheria ya mwaka wa 2014 iliunda baraza linalowasajili. Anayekuja kwako nyumbani na kutaka malipo, muulize kwanza leseni yake. Muhimu zaidi ni swali ambalo mgonjwa anapaswa kuuliza siku ya kufungwa plasta, kabla ya kushuka kitandani: ni viungo vipi nianze kuvisogeza leo, na ni vipi nisiviguse? Kwa plasta ya kifundo cha mkono, jibu huwa kwamba vidole vifungwe ngumi na kukunjuliwa kabisa, kiwiko kikunjwe, na bega liinuliwe hadi juu ya kichwa, kila saa mtu akiwa macho. Kwa bega linaloanza kukaza, simama ukiutazama ukuta, pandisha vidole juu yake polepole kama kaa anayepanda mwamba, na pale vinapokomea, weka alama kwa penseli na tarehe kando yake.